Jinsi ya Kuuhukumu Muonekano Mpya Kabla Haujamaliza Kufunguka

Itatokea asubuhi. Utafungua jukwaa lako la mtandaoni uone nani amekujibu usiku, na badala ya jukwaa utakuta uwanja mweupe, herufi kubwa, na picha ya vijana wanne usiowajua wakiichekea kompyuta moja. Juu yao pameandikwa "Tumeboresha kwa ajili yako!" Kitufe ulichokuwa ukikibofya kwa kidole gumba bila hata kukitazama hakipo, mahali pake pana kengele. Usihofu. Wapo watu waliosomea kupima mambo haya, lakini wao hulipwa kwa kazi hiyo, na anayelipwa hana uchungu. Wewe unao. Fuata mwongozo huu na kabla ya saa nne asubuhi utakuwa umeshatoa hukumu isiyo na rufaa.

Hatua ya kwanza ni kuwahi. Hukumu nzuri hutolewa ukurasa ukiwa umefunguka nusu, duara bado linazunguka, picha bado hazijaja. Ukingoja ufunguke wote unaweza kukuta kitu cha kukupendeza, na hapo mada yako itakuwa imekufa. Anzisha uzi mara moja, kichwa chake kwa herufi kubwa: MODS MMETUHARIBIA JAMVI. Fungua kwa "Wakuu salaam", eleza umekuwa mwanachama tangu lini (hiyo ndiyo sifa pekee ya kitaalamu inayohitajika), halafu sema muonekano mpya "hauna ladha", "umekaa kitoto", au "unafanana na tovuti ya benki". Funga kwa "Naomba kuwasilisha".

Jihadhari na jambo moja: usitaje kitu mahususi. Ukiandika kwamba ulitaka kuhariri posti yako kwenye simu ndogo ukashindwa, kwa sababu kitufe cha kuhariri kimefunikwa na tangazo la mikopo, fundi mmoja mwenye moyo mzuri atakisogeza kabla ya adhuhuri. Lalamiko lako litakuwa limezikwa likiwa changa. "Hauna ladha" haina dawa. Itadumu mpaka muonekano unaofuata, ambapo utaandika kwamba huu wa sasa ndio uliokuwa na ladha.

Wenye tovuti nao wana mwongozo wao, na ukurasa wake wa kwanza una hadithi ya Facebook. Tarehe 5 Septemba 2006 Facebook iliwawekea watumiaji wake mkondo wa habari: kila anachofanya rafiki yako kikawa kinakuja chenyewe mbele ya macho yako. Mamia ya maelfu ya watu wakajiunga na makundi ya kuupinga, ndani ya Facebook hiyo hiyo, na makundi yakavimba haraka kwa sababu mkondo wenyewe ndio uliokuwa ukitangaza kwamba fulani na fulani wamejiunga kuupinga. Mark Zuckerberg akakiri kwamba wameboronga, vikaongezwa vidhibiti vya faragha, mkondo ukabaki. Leo wapo watu wanaoupitia kabla ya kunawa uso. Hadithi hii hutolewa katika kila kikao cha kutetea muonekano mpya, na tafsiri yake huwa moja: watu hupiga kelele, kisha huzoea. Ni hadithi ya kweli. Kasoro yake ni kwamba iko ya pili, nayo haitolewi kikaoni. Tutaifikia.

Hatua ya pili ni rangi. Huu ndio uwanja wa demokrasia kamili, kwa kuwa kila mwenye macho ana haki sawa ya kukosea. Msione haya mkimaliza wiki mnabishania bluu. Google, kampuni ambayo haikosi kazi nyingine, iliwahi kujaribisha vivuli 41 vya bluu ili ijue kipi kinafaa. Douglas Bowman, aliyekuwa akiongoza ubunifu wa sura za kurasa zake, alipoondoka mwaka 2009 alilitaja jambo hilo miongoni mwa yaliyomchosha. Raha ya ubishi wa rangi ni kwamba hakuna anayeshindwa.

Kuna upande mmoja tu wa rangi unaopimika, nao uuepuke. W3C, chombo kinachotunga viwango vya tovuti, kina miongozo inayotaka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na viko vifaa vya bure vya kupima hilo kwa sekunde chache. Wabunifu wengi wanapenda kijivu chepesi juu ya weupe. Kinasomeka vizuri sana kwenye kioo kikubwa, ofisini, pazia likiwa limeshushwa. Kituoni Ubungo, saa saba mchana, jua likiwa utosini, maandishi hayo hugeuka tetesi. Lakini ukileta namba jukwaani ubishi utakwisha, na mtu anayemaliza ubishi hapendwi.

Hatua ya tatu imeondolewa. Takwimu zetu zilionyesha kwamba wasomaji wachache sana walikuwa wakiifikia. Tunawashukuru waliokuwa wakiitegemea na tunawatakia kila la heri.

Hatua ya nne ipo, ila imehamia kwenye alama ya mistari mitatu, juu kulia, kisha "Zaidi", kisha "Mipangilio", kisha "Zaidi".

Hatua ya tano ni majaribio, na hapa tutakaa kidogo. Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark aliyewafundisha watu wasio na bajeti namna ya kupima tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi. Wengi walisoma neno "watano" wakafunga ukurasa. Basi nawe tafuta watano: wewe mwenyewe, mtani wako wa jukwaani, shemeji yako anayekaa kwako, na wawili waliokuja kuazima chaja. Nielsen alikusudia watu wanaofanana na watumiaji halisi, wapewe kazi halisi, kisha mpimaji anyamaze. Sharti hilo la mwisho ndilo linalotushinda. Mpe mama yako mdogo simu, mwambie, "Mamdogo, tafuta ule uzi wa matikiti uliokuwa unausoma juzi, umjibu yule bwana wa Ruvu," halafu ufunge mdomo. Ataenda kwenye kengele. Atambofya kijana wa pili kutoka kushoto. Atarudi kwenye kengele. Atakuuliza kama bwana wa Ruvu amefariki. Dakika ya pili haitatimia kabla hujamnyang'anya simu: "Si hapo, mamdogo, juu! Juu kule!" Andika kwenye ripoti yako kwamba mtumiaji alifika alikotakiwa baada ya msaada mdogo. Mamdogo mwenyewe atasema kosa ni lake, hajui haya mambo ya kisasa, na wenye tovuti watalipokea kosa hilo kwa furaha.

Kuhusu vifaa: wenye tovuti hujaribia kwenye simu mpya yenye kioo kipana, iliyounganishwa na intaneti ya ofisi. Usiwaulize zaidi. Hasa usiende na jaribio hilo kwa mtu mwenye simu ya miaka minne iliyopita, kioo kina ufa, hifadhi imejaa video za harusi za watu, na bando ni la siku, tena limebaki kidogo. Maandishi ni mepesi mno. Ukurasa mzima wa hoja, matusi yakiwemo, ni kilobaiti chache tu, ilhali picha moja isiyobanwa hufika megabaiti kadhaa. Kwa hiyo wale vijana wanne wanaweza kumla mtu huyo bando kuliko nyuzi zote atakazosoma kwa wiki nzima, na hawajamwambia chochote. Google inashauri sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Kwenye daladala la Mbagala, mkono mmoja ukiwa umeshika bomba, sekunde 2.5 zinamtosha konda kusema "sogea nyuma" mara mbili. Kwa muda huo utakachokuwa umekiona kwenye simu yako ni nusu ya kengele. Angalia salio la bando kabla ya kufungua tovuti na uangalie tena baada ya kuifunga. Kipimo hicho hakina cheti, ila wenye tovuti wakikiona watabadilisha mazungumzo.

Hatua ya sita ni kuamini takwimu, lakini zile tu zinazopanda. Mwezi ukiisha litatoka tangazo kwamba muda ambao mtu anakaa kwenye tovuti umeongezeka. Ni kweli, aliyepotea Kariakoo naye hukaa sokoni muda mrefu. Idadi ya kurasa zinazofunguliwa imepanda. Ni kweli, kwa kuwa uzi uliokuwa ukurasa mmoja umekatwa vipande vinne. Wanaojisajili wameongezeka. Hilo nalo ni kweli, maana sasa jibu la pili husomi mpaka ujisajili. Swali lisilo na nafasi katika jedwali lao ni hili: aliyeuliza jana alijibiwa baada ya muda gani, na aliyemjibu anajua anachokisema?

Nielsen huyo huyo alieleza mwaka 2006 kwamba katika jamii nyingi za mtandaoni asilimia 90 ya watu husoma tu, 9 huchangia mara moja moja, na 1 ndio wanaoandika sehemu kubwa ya yaliyomo. Ukifanya kura ya maoni, wale 90 watakuambia muonekano uko sawa, na hawatakuwa waongo, maana kazi yao ni kushusha ukurasa, na ukurasa bado unashuka. Yule mmoja, anayejibu maswali ya hati za viwanja saa sita usiku bila kulipwa hata senti, alikuwa na njia yake ya mkato ya kuona nyuzi ambazo bado hazijajibiwa. Njia hiyo imefutwa kwa sababu waliokuwa wakiitumia ni wachache. Katika wastani mtu huyu haonekani. Ripoti itasema watumiaji wameridhika kwa asilimia kubwa, na maswali ya viwanja yatakaa wiki nzima bila jibu, mpaka aje dalali wa kuyajibu.

Sasa ile hadithi ya pili.

Digg ilianza mwaka 2004 huko San Francisco. Wanachama walileta viungo vya habari, wenzao wakavipigia kura, vilivyopendwa vikapanda hadi ukurasa wa mbele, na vibovu vikazamishwa kwa kitufe maalumu cha kuzikia habari. Ilikuwa kubwa. Mwaka 2008 vyombo vya habari viliripoti kwamba Google ilikuwa katika mazungumzo ya kuinunua kwa takriban dola milioni 200. Tarehe 25 Agosti 2010 likatoka toleo la nne. Wiki za mwanzo tovuti ilikuwa ikianguka na kuinuka, lakini hilo watu husamehe; nani hajawahi kuona mitambo ikigoma siku ya uzinduzi mbele ya mgeni rasmi? Kilichokosa msamaha ni yale yaliyofanya kazi sawasawa na yalivyokusudiwa. Kitufe cha kuzika kiliondolewa. Ukurasa wa habari zinazokuja, walipokuwa wakishinda wale wachache wenye kuchambua pumba na mchele, uliondolewa. Na wachapishaji wakaruhusiwa kumwaga viungo vyao moja kwa moja, kwa mashine, pasipo mwanachama yeyote kuvichagua.

Wanachama wakaitangaza tarehe 30 Agosti kuwa siku ya kuihama Digg. Hao hawakuishia kuandika kwamba haina ladha. Waliuchukua ule ule mfereji mpya wa kumwagia viungo kwa mashine, wakaujaza ukurasa wa mbele wa Digg habari za mshindani wake, Reddit. Reddit kwa adabu zote ikachora sepetu la Digg kwenye nembo yake, kuwakaribisha wahamiaji. Kevin Rose, mmoja wa waanzilishi, aliahidi kurudisha baadhi ya vilivyoondolewa, na baadhi vikarudi. Watu ndio hawakurudi. Oktoba mwaka huo zaidi ya theluthi ya wafanyakazi walipunguzwa. Julai 2012 jina na tovuti vikaenda kwa kampuni ya Betaworks kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola 500,000. Kwa Dar es Salaam, hiyo ni bei ya nyumba moja nzuri Masaki, tena baada ya kubembelezana na dalali.

Kikaoni hadithi hizi mbili huchanganywa kwa makusudi. Facebook ilimwongezea mtumiaji macho kuliko alivyotaka. Digg ilimkata mkono. Na aliyeikasirikia Digg alikuwa na Reddit mlango wa pili, wakati aliyeikasirikia Facebook ndugu na marafiki zake wote walikuwa humo humo ndani. Kelele zilikuwa zile zile. Ukipima kwa kelele huwezi kujua uko katika hadithi ipi.

Ndiyo maana hatua ya saba ni katazo. Mbele ya muonekano mpya usichukue karatasi ukachora mstari katikati. Usiandike upande mmoja yale ambayo jana mwanachama wa kawaida aliweza kuyafanya: kuipinga habari mbovu, kuona ni nani aliyefuta posti yake na kwa sababu gani, kupanga nyuzi kwa tarehe badala ya kupangiwa, kumnyamazisha msumbufu. Usiandike upande wa pili anayoyaweza leo: kuweka kikatuni kinachocheka. Karatasi hiyo ni hatari kwa sababu inasomeka hata na mtu asiyejua chochote kuhusu ubunifu. Isitoshe, haina skrinshoti, na uzi usio na skrinshoti nani atausoma?

Mifano mingine tuipitie upesi. Februari 2014 wanachama wa Slashdot waliisusa tovuti yao kwa wiki nzima kwa sababu sura iliyokuwa ikijaribiwa iliipa kisogo sehemu ya maoni, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwaleta watu pale; sura hiyo haikuwahi kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Reddit, iliyokuwa imeshuhudia msiba wa jirani kwa karibu, ilipobadilisha sura mwaka 2018 iliacha mlango wa zamani wazi, old.reddit.com, na wako watu ambao miaka mingi baadaye bado hawajui mlango wa mbele ukoje. Wikipedia ya Kiingereza ilivaa sura iitwayo Vector 2022 tarehe 18 Januari 2023. Mistari ilifupishwa ili jicho lisichoke, na wenye vioo vipana wakaona weupe wa pembeni kama ardhi waliyoporwa. Wahariri wakajadiliana kama warudi nyuma, mjadala ukafungwa bila muafaka, sura ikabaki, na mwenye akaunti akaachiwa uhuru wa kuchagua ya zamani. Matokeo kama hayo, yasiyo na mshindi wala marehemu, hayamfai mtu anayetafuta uzi wenye kurasa 40.

Hatua ya nane inahusu makaburi, yaani nyuzi za zamani. Jukwaa lililokaa miaka mingi ni ghala. JamiiForums, kwa mfano, ilianza mwaka 2006 ikiitwa Jambo Forums, na nyuzi za zamani za majukwaa kama hayo zimeshatumwa kwenye makundi ya WhatsApp, zimehifadhiwa na wanafunzi, zimewekwa kwenye blogu za watu ambao wenyewe wameshasahau nywila zao. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, aliandika tangu mwaka 1998 kwamba anwani ya ukurasa haipaswi kubadilika. Muonekano mpya huwa na maoni tofauti. Ubora wa tathmini yako utategemea kutokujaribu hili: usichukue kiungo cha miaka kumi iliyopita, kile cha dawa ya wadudu wa nyanya au cha ahadi ya mgombea fulani kuhusu maji, ukakibofya. Kikifunguka, utakuwa huna cha kulalamikia. Kisipofunguka, utaletewa ukurasa wenye kikaragosi kinachokuna kichwa, na maneno "Lo! Tumepotea kidogo", na utalazimika kujiuliza kama mgombea yule hakufurahi. Wapenda kufukua makaburi watalia peke yao. Huo si muonekano, watajibiwa, ni mambo ya ndani ya kiufundi.

Ikifika hapa na hukumu yako haijabadilisha kitu, imebaki hatua ya mwisho, kuaga. Wanaohama kweli hawaagi. Walikuwa wanaingia kila siku, wakawa wanaingia Jumapili, kisha hawakuonekana, na kwenye takwimu wanaitwa "akaunti tulivu". Wewe usiwe wao. Andika waraka. Taja miaka yako ya utumishi, uliowasaidia, waliokukosea, na jukwaa jipya unalohamia hata kama hujaamua. Waombe radhi wale uliotukanana nao kwenye uzi wa ndoa za mitala, kisha uwakumbushe kwamba hoja yako haikujibiwa. Usiseme "kwaheri" mara moja. Iseme mara tatu, katika aya tatu, ili watu wapate muda wa kukuzuia.

Jioni utataka kujua ni wangapi wamekulilia. Hilo linaruhusiwa. Ila toka kwanza kwenye akaunti yako na usome kama mgeni, kwa sababu muonekano mpya unaweka kitone cha kijani kando ya jina la kila aliye hewani, na sehemu ya kukizima ipo kwenye hatua ya nne.